Mchicha Mrefu wa Nyati

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, mimi Nyati nilipokuwa na pembe kubwa na akili ndogo, nililima bustani ya mchicha pamoja na Digidigi. Nilitifua ardhi kwa kwato, yeye akapanda na kumwagilia. Mke wangu, Mama Tunu, alikuwa amejifungua, na maziwa yake yalitegemea bustani hiyo.

Wiki ya tatu mchicha ukamfikia Digidigi kifuani. Akaja kwa unyenyekevu, akaniamkia, kisha akasema, "Mzee, mchicha huu mchanga tuachie sisi wadogo. Fungu lako liache likomae mpaka litoe maua. Mtu wa hadhi yako atakulaje majani ya kitoto?"

Nani akatae heshima? Digidigi akang'oa lake, nyaka nyaka, akapanda upya. Langu likarefuka, likatoa maua, mashina yakawa kama fimbo. Nami nikawaita majirani waje kulitazama!

Nikampelekea mke wangu mzigo mzima. Akatafuna, kwaru kwaru, mpaka taya zikamuuma. Maziwa yakapungua. Mtoto wetu Tunu akalia kutwa, mbavu zikahesabika. Kwa busara zangu, nikaenda kutafuta mashina marefu zaidi.

Siku moja Mama Tunu alikwenda kwa mke wa Digidigi kuomba chumvi. Akakuta watoto wamenona, wanarukaruka, na akakaribishwa bakuli la mchicha laini. Aliporudi akaniita kando.

"Baba Tunu," akasema, "huo unaoniletea umebaki nyuzi tu, nguvu imeshahamia kwenye mbegu. Wenzako wanaula ungali mchanga. Umesifiwa, ukasifika, na mwanao anakonda."

Niliona aibu, wajukuu zangu. Nikatoka mbio kumchoma Digidigi pembe, akajipenyeza kichakani, nami nikanasa kwenye miiba. Nikiwa nimenasa hivyo hivyo, nikamwomba anigawie mchicha wake. Akacheka sana, akakubali, ila kwa sharti kwamba msimu ujao kazi yote ya bustani niifanye peke yangu. Nikakubali, nikajinasua.

Nikapiga magoti tutani, nikachuma majani machanga moja moja kwa midomo hii minene. Haikupita wiki, Tunu akanyonya mpaka akasinzia na maziwa mdomoni. Nililia, sitawaficha.

Basi sikieni: mboga ya majani haipandi cheo kwa kuzeeka, ichumeni ingali changa.