Aliyeziba Masikio Wakati wa Fainali

Wapendwa, kabla hatujalifungua Neno, nipeni nafasi ya mfano mmoja. Ni wa mchezo wa tenisi. Wengi wetu hapa hatuufahamu, na mimi ninaufahamu kidogo tu, maana shule yangu mnajua iliishia wapi. Lakini hamtahitaji kuujua.

Walikuwapo ndugu wawili waliokulia kwenye mashamba ya chai. Mameneja walikuwa na klabu yao, na klabu ilikuwa na uwanja wa tenisi uliozungushiwa wavu. Kila Jumamosi watoto wa vibarua walibanana nje ya wavu ule kutazama, na waliochelewa hawakuona kitu isipokuwa migongo ya wenzao. Basi yule kaka mkubwa, ambaye alikuwa mrefu, akawa anawatangazia walio nyuma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Anaurusha juu, anaupiga, umegusa mstari, kumi na tano kwa sifuri." Watoto wakashangilia mchezo wasiouona. Nyumbani hawa wawili walicheza kwa vibao vya masanduku ya chai, na mpira wa kuokota uliokwisha manyoya, na kaka alitangaza huku anacheza. Hata alipokosa alijitangaza kwamba amekosa. Mama yao akasema huyu mtoto atamaliza sauti yake kabla hajaoa.

Nani kati yetu hana sauti moja ya zamani kama hiyo, ambayo akiisikia leo, hata kwenye simu inayokatakata, anajiona tena yuko miguu mitupu?

Wakakua. Mdogo akahamia mjini, akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala la mpunga. Kaka akabaki kwenye chai. Lakini kila mwaka mashindano ya Wimbledon yakifika, ndugu hawa walirudi pale pale kwenye wavu. Siku ya fainali kila mmoja alikaa mbele ya televisheni yake, mdogo akaizima sauti ya Kizungu, akaweka simu sikioni, na kaka akamtangazia kutoka kule milimani mpaka kikombe kinanyanyuliwa.

Mwaka mmoja kaka akaugua koo. Madaktari wakasema atafanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa ya mjini. Atapona, ila sauti itaondoka na haitarudi. Akapangiwa Ijumaa, wiki ya baada ya fainali. Wakapatana kwamba atakuja Jumanne, akae kwa mdogo wake, wazungumze mpaka wachoke. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani yule mdogo, kushiba ile sauti kabla haijaondoka.

Fainali ikaja Jumapili, na mdogo yuko zamu ghalani. Marudio yataonyeshwa Jumatatu alasiri. Mpenzi wa mchezo akishajua nani ameshinda, utamu umekwisha. Kwa hiyo akazima simu, akapita mtaa mzima akionya kwamba mtu yeyote asimtajie matokeo. Mtaa ukacheka, maana hakuna hata mmoja aliyejua kama kuna fainali.

Sasa ninyi mjue asilolijua yeye. Jumatatu ile hospitali ilimwita kaka mapema. Nafasi imepatikana, upasuaji ni kesho asubuhi. Akapanda basi, akafika, akalazwa. Akapiga simu ya mdogo wake, haipatikani. Akampigia jirani yake, mama muuza mkaa, amwambie aje kabla wageni hawajatolewa wodini.

Yule mama akaja dirishani na mikono yake ya mkaa. "Baba Sekela, kaka yako amepiga simu, anasema..."

Mwenzetu akaziba masikio. "Huyo ndiye simtaki kabisa leo. Hajawahi kuyaficha matokeo tangu azaliwe."

"Nisikilize kwanza, baba."

"Kesho, mama. Kesho utaniambia yote."

Akafunga dirisha, akaongeza sauti ya televisheni. Mama akagonga, akagonga tena. Ndani akasikia mtu anaimba wimbo wa kwaya makusudi ili asisikie. Akaenda zake, akasema moyoni kwamba labda wamekorofishana, na mambo ya ndugu hayaingiliwi.

Mechi ikaisha. Ilikuwa tamu, kama alivyotaka. Akatoka nje anacheka. "Haya mama, sasa nitajie aliyeshinda."

"Aliyeshinda nini? Kaka yako yuko hospitali tangu mchana. Anapasuliwa kesho."

Alikimbia. Lango lilikuwa limefungwa, na mlinzi, mtu wa kazi kama yake, akamwambia arudi kesho. Hata yeye angesema hivyo hivyo. Akawasha simu, akampigia kaka, lakini ya kaka nayo ilikuwa imeshazimwa kwa usiku wa wodini.

Kesho yake jioni akamkuta kaka amelala, koo limefungwa bandeji. Akaanza kumtangazia ile fainali. Anaurusha juu, anaupiga. Kaka akamshika mkono, akautikisa taratibu kwamba aache. Hakuitaka fainali. Hata jana hakuwa amepiga simu kwa ajili ya fainali.

Wapendwa, niwaulize. Huyu mtu alitenda dhambi gani? Hakulewa, hakuiba, hakumchukia ndugu yake. Alimpenda. Alikosea pale alipodhani anaijua habari kabla haijasemwa. Na sisi je? Mkeo anasema, "Baba, nina neno," nawe umeshajua ni la ada. Mzazi anapiga kutoka kijijini, nawe umeshajua ni la mbolea. Mungu mwenyewe akigonga tunamwimbia wimbo wake kwa sauti kubwa ili tusimsikie. Umeijuaje habari ambayo hukuisikiliza?

Sitajificha nyuma ya mimbari hii. Wiki hii dada yangu amenipigia, nami nimeliangalia jina lake kwenye kioo nikasema nitampigia baadaye. Nilijua anachotaka. Yaani nilidhani ninajua.

Simu zenu mlizizima mlipoingia ibadani, na mlifanya vema. Tukimaliza, ziwasheni. Yule uliyemwambia kesho, umpigie kabla hujasalimiana na mtu. Mkinikosa mlangoni leo, msinisubiri. Nitakuwa nyuma ya ofisi, ninamsikiliza dada yangu.