Kiwanja Kimoja cha Mlimani

Sogeeni karibu. Nina kesi iliyonishinda, na sitaki kubaki nayo peke yangu.

Katika kijiji cha Mbalwe, bondeni, waliishi vijana watatu waliosomea kompyuta. Sifueli alikuwa na subira ya ajabu: angesoma kurasa mia za maandishi ya makosa bila kuruka mstari. Nakundwa hakutupa kitu. Kila programu aliyowahi kuitumia aliihifadhi. Eliapenda alijua kuandika msimbo, yaani maandishi yanayounda programu: palipokatika, aliunga.

Wao ndio waliotunza kituo cha mto kule mlimani. Kompyuta ya kituo ilisoma kimo cha maji kutoka kwenye kipimo kilichofungwa mbali msituni, na maji yakizidi ilipiga king'ora bondeni. Jumatatu moja radi ikaiunguza. Walipata nyingine ya aina tofauti, hivyo kerneli yake, yaani ile programu ya kiini inayoiwezesha kompyuta kuelewana na vifaa vyake, ikabidi iundwe upya ili ikitambue kipimo.

Alhamisi mvua ilianza. Mnara wa simu ukaanguka, mtandao ukakatika. Ijumaa asubuhi kazi ya kuunda kerneli ikagoma, skrini ikajaa makosa mia nne.

"Hii haiundiki," alisema Eliapenda.

Sifueli alipanda mstari kwa mstari hadi kosa la kwanza kabisa. "Haya mengine yote yamezaliwa na hili," alisema. "Kompaila yetu, hii programu inayoiunda, ni mpya mno kwa kerneli hii. Tunahitaji ya zamani."

"Ninayo nyumbani, kwenye diski ya chuoni," alisema Nakundwa, akashuka bondeni mbio. Mama yake, aliyepooza miguu, alikuwa kitandani.

"Unaondoka tena, mwanangu?"

"Narudi sasa hivi, mama. Nimemwomba jirani akuangalie."

Alipanda mlima kwa saa nzima kwenye utelezi, diski ameifunga kifuani kwa kanga.

Kompaila ya zamani iliondoa makosa yote isipokuwa moja. Programu ya kipimo ilikuwa ikiita kipande cha msimbo ambacho kerneli ile haikuwa nacho. Hapakuwa na kitabu wala mtu wa kumuuliza. Eliapenda akakiandika mwenyewe, mistari thelathini. Mara mbili kilikataliwa. Mara ya tatu kerneli ikaundika.

Saa tisa alasiri kompyuta iliwaka, ikasoma kipimo, na papo hapo king'ora kikalia. Maji yalikuwa yameshapita alama nyekundu. Kaya arobaini zikakimbilia mlimani. Nusu saa baadaye bonde zima lilikuwa tope linalokwenda.

Jirani alitoka na wanawe wanne. Mikono haikumtosha kumbeba mtu mzima. Mama yake Nakundwa alipatikana Jumapili.

Baada ya mazishi, viwanja vya mlimani viligawiwa kwa kura. Kilibaki kimoja, kisichotosha nyumba mbili. Mkutano ukakubaliana apewe yule aliyekiokoa kijiji. Wengine waliokosa wahamie kambini, mbali. Vijana wale watatu wote hawakuwa tena na nyumba, na kura haikuwaangukia.

"Apewe Sifueli," alisema bibi mmoja. "Bila yeye wangekuwa bado wanahangaika na makosa mia nne."

"Kujua ugonjwa si kuutibu," alisema fundi seremala. "Aliyemaliza kazi ni Eliapenda."

Wengi waliinama. "Nakundwa kampoteza mama," alisema mwenyekiti kwa sauti ya chini.

Nakundwa akasimama. "Kwa ajili ya mama msinipe. Kama ni kwa ajili ya diski, semeni diski."

Mwenyekiti alifunga daftari bila kuandika jina, watu wakatawanyika kwenye manyunyu. Kiwanja kile kimeota majani hadi leo, na wote watatu wako kambini.

Haya, ninyi mlionisikiliza: mngekuwa ninyi mkutanoni siku ile, mngempa nani?