Onyo la Kila Jumamosi

Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini walikuwa na masikio. Waliponena kwamba lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja, hawakuwa na maana kwamba kila porojo ya sokoni ni Injili. Walitaka kutuonya tu kwamba neno likirudiwarudiwa halikosi mzizi, na mwenye busara huinama akautafuta mzizi huo kabla hajacheka. Persis Mong'ina alicheka kwanza. Kilichomfika huwezi kumwombea hata adui yako.

Mwaka wa 1998 Persis alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na mjini Kisii walikuwa wachache waliomkaribia kwa ujuzi wa kompyuta. Alikuwa ameajiriwa na Mzee Indravadan, mwenye duka la dawa lililouzia hata zahanati za Nyaramba na Kebirigo. Nyuma ya duka palikuwa na stoo, na ndani ya stoo majokofu mawili: la kwanza la chanjo, la pili la insulini, dawa wanayojidunga wagonjwa wa sukari. Persis ndiye aliyeandika programu iliyosoma vipimajoto vya majokofu hayo kila baada ya dakika kumi.

Kazi hiyo kwake haikuwa ya mshahara tu. Mama yake mzazi, Bi Nyanchera, aliishi Kebirigo na alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa mwaka wa tisa sasa. Kila Jumapili ya pili Persis alichukua chupa moja kutoka jokofu la pili, akaifunga kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, akampelekea. Uhai wa mama yake ulikuwa ndani ya jokofu lile, na Persis alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

Mwezi wa Machi, rafiki yake aliyesoma naye Nairobi alimtumia disketi yenye maktaba ya kumbukumbu. Hii si maktaba ya vitabu, bali ni furushi la maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambalo fundi huliunganisha na programu yake ili programu iweze kujiandikia shajara ya yote yanayoipata. Uzuri wake ni kwamba ilikubali kukunjwa utakavyo. Katika faili moja dogo, kwa mistari michache tu, ungeweza kuamuru jambo la kawaida liandikwe kwenye diski, onyo litokee kwenye skrini, hatari ipige king'ora, na taarifa ya wiki nzima ichapishwe kwenye karatasi. Ungeweza hata kuiambia sehemu hii iseme yote na sehemu ile ifunge mdomo. Persis aliichezea maktaba hiyo kama mtoto aliyepewa kalamu za rangi.

Akaamua kuwa taarifa ya wiki itachapishwa kila Jumamosi, siku ambayo kompyuta haikuwa na shughuli nyingi. Yeye mwenyewe alikuwa Msabato, na siku hiyo alikuwa kanisani Nyanchwa. Kwa hiyo alimwachia maagizo Nayna, mkewe Mzee Indravadan, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Riddhi kwa jina la bintiye. Aliyaandika kwa mwandiko wa kupendeza: saa nne asubuhi, chomeka printa pale stoo, iwashe, kisha bonyeza kitufe hiki. Printa ile ilinguruma kwa saa tatu nzima. Persis hakuwahi kuwapo ikinguruma. Alichokijua ni kwamba kila Jumapili asubuhi alikuta karatasi juu ya meza, zimekunjwa vizuri.

Ndani ya karatasi hizo ndimo alimoliona neno lenyewe kwa mara ya kwanza. Jumamosi, saa nne na dakika ishirini: onyo, jokofu la pili, joto linapanda. Halafu kwenye skrini, la jioni ya siku hiyo hiyo: onyo, jokofu la pili, baridi imepita kiasi. Wiki iliyofuata, onyo lile lile, saa zile zile. Ya tatu vivyo hivyo. Persis akaenda kulitazama jokofu. Lilikuwa linanguruma kwa utulivu, baridi yake ni ya kawaida, na chupa zimejipanga bila dosari. Wiki ya tano alishindwa kuvumilia.

"Ni printa hii, Mzee," alimweleza Mzee Indravadan. "Inapochapisha, inausumbua waya wa kipimajoto, nacho kinasema uongo hadi jioni. Si unaona maonyo yanakuja siku ya kuchapisha tu?"

Mzee Indravadan alikuna kidevu. "Una hakika? Hiyo ni dawa ya watu, Persis."

"Hizo ni kelele tu, Mzee. Hata mama yangu anaitumia dawa hiyo. Ningefanya mchezo?"

Akafungua lile faili dogo, akaongeza mstari mmoja: jokofu la pili lisiandike maonyo, liandike hatari peke yake, yaani iwapo litazimika siku nzima. Jumapili iliyofuata taarifa ilitoka safi, haina hata onyo moja. Aliisoma huku akitabasamu, akachukua chupa ya mama, akashika njia ya Kebirigo.

Kule Kebirigo alimkuta Nyangate, jirani yao, mama mwenye maneno machache ambaye naye aliugua sukari. Walikuwa wameketi nje na Bi Nyanchera wakimenya ndizi.

"Bwakire, Persis," Nyangate alimsalimu. "Ninyi si ndio mnatuuzia hii dawa ya sukari?"

"Ndiyo, mama. Kuna nini?"

"Siku hizi ni kama maji. Najidunga asubuhi, najidunga jioni, na kiu haiishi. Na si mimi peke yangu. Hata kule Nyaramba watu wanasema hivyo hivyo."

Persis akaangua kicheko. "Watu husema mengi, mama. Dawa hiyo inalindwa na kompyuta usiku na mchana. Ingeharibika, kompyuta ingeniambia."

Ingemwambia! Ilikuwa imekwisha kumwambia wiki tano mfululizo, na yeye ndiye aliyeifumba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Ama kweli, elimu bila unyenyekevu ni mzigo kwa aliyeibeba na kwa jirani zake.

"Haya, mwanangu," Nyangate alisema bila kununa. "Mimi nitamtuma mtu aninunulie Kisumu." Bi Nyanchera aliipokea chupa kutoka kwa binti yake kwa mikono miwili, akamshukuru.

Siku zikapita, wiki zikawa miezi. Bi Nyanchera alianza kukonda, na Persis alipomuuliza alijibu kwamba ni uzee. Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti. Persis alikuwa katikati ya somo la Sabato pale Nyanchwa alipoguswa bega na shemasi wa kike aliyekuwa mlangoni. "Toka haraka," alimnong'oneza. "Mama yako ameletwa hospitali. Ameanguka."

Hakukumbuka aliteremkaje kilima cha Nyanchwa. Alimkuta mama yake kitandani, macho yamefumba, pumzi zinakwenda mbio, midomo imekauka na kupasuka. Daktari alikuwa ameshika ile chupa iliyotoka Kebirigo, anaigeuzageuza.

"Nimemdunga mara mbili kutoka kwenye chupa hii," alisema, "na sukari haijashuka hata kidogo. Ni kana kwamba nimemdunga maji. Hii mlinunua wapi?"

"Dukani kwetu," Persis alijibu.

"Basi kalete nyingine sasa hivi. Hapa imekwisha. Mama huyu hana muda mrefu."

Tangu aajiriwe, Persis hakuwa amekanyaga dukani siku ya Sabato. Lakini ng'ombe akitumbukia kisimani hutolewa hata siku hiyo, sembuse mama mzazi? Alikimbia na viatu vyake vya kanisani mpaka dukani, akampita Mama Riddhi kaunta bila salamu, akausukuma mlango wa stoo.

Akasimama kama aliyegonga ukuta.

Printa ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote, karatasi inamwagika hadi sakafuni. Jokofu la pili lilikuwa kimya. Halikutoa hata mlio. Persis aliufuata waya wake kwa macho, kutoka nyuma ya jokofu, ukutani, hadi chini. Plagi ilikuwa imelala sakafuni. Na kwenye soketi yake, mahali ilipopaswa kuwa, palikuwa na plagi ya printa.

"Mama Riddhi!" alipiga ukelele hata wateja wakageuka. "Nani amechomoa jokofu?"

Nayna aliingia mbio, uso umejaa mshangao. "Mimi. Kwani kuna nini? Si wewe uliandika nichomeke printa hapa stoo? Soketi ni tatu tu. Kompyuta moja, jokofu moja, jokofu ingine. Nikichomoa kompyuta, itachapisha nini? Chanjo, Mzee alisema isiguswe kabisa. Basi nachomoa hii, printa ikimaliza narudisha. Kila Jumamosi, tangu mwezi wa nne."

"Kila Jumamosi?"

"Mimi nilidhani unajua, Persis. Kompyuta yako si inaona kila kitu?"

Yote yalimjia Persis kwa mpigo, na kila moja lilimchoma. Kipimajoto hakikuwa kimesema uongo hata siku moja. Joto lilipanda kweli, kwa saa tatu. Kisha jokofu lile kuukuu, likisharudishiwa umeme, lilivuta baridi kwa pupa mpaka chupa zikaganda. Na insulini ikishaganda imekufa, hata iyeyuke ionekane safi kama machozi. Jumapili asubuhi kila kitu kilikuwa kimerudi sawa, naye ndipo alipokuja kumchukulia mama yake chupa. Na yaliyosababisha hayo yote yalikuwa maagizo yake mwenyewe, ili apate taarifa ya kujivunia!

Alijitupa kwenye kompyuta, akafungua lile faili, akaufuta ule mstari. Dakika chache tu baadaye neno likajitokeza kwenye skrini: onyo, jokofu la pili, joto linapanda. Persis akarudi nyuma kutafuta Jumamosi zilizopita. Hakukuwa na kitu. Alichokinyamazisha hakikuandikwa popote. Jumamosi kumi na moja zilikuwa tupu.

Mzee Indravadan alikuwa amefika na kusimama nyuma yake. Alikuwa amemsikiliza mkewe, na uso wake ulikuwa umesawijika. "Zilizoharibika ni zipi? Zilipelekwa wapi?"

"Sijui, Mzee. Hakuna awezaye kujua. Mimi ndimi niliyezima."

Mzee aliketi juu ya sanduku la dawa, akakishika kichwa. Kisha aliinuka, akaushika mkono wa simu, akaanza kuziita zahanati moja baada ya nyingine. "Msimdunge mtu yeyote dawa kutoka kwangu," alirudia. "Zirudisheni zote." Aliwapigia pia wenzake wawili wenye maduka ya dawa mjini. Wa kwanza hakuwa na insulini, wa pili alikuwa amefunga kwa Sabato.

Persis alirudi hospitali mikono mitupu, na njia nzima alijiambia kwamba anakwenda kumuua mama yake mara ya pili. Mlangoni mwa wodi alisita. Kando ya kitanda alisimama Nyangate, miguu imejaa vumbi la Kebirigo, ameshika chungu kidogo chenye maji. Ndani ya chungu mlikuwa na chupa, na daktari alikuwa anachomoa sindano mkononi mwa Bi Nyanchera.

"Ni yangu ile ya Kisumu," Nyangate alisema. "Nimesikia ameanguka, nikaja nayo."

Baada ya saa moja daktari alipima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sukari ilikuwa inashuka. Alasiri Bi Nyanchera alifumbua macho, akauliza kama binti yake amefika. Persis alipiga magoti, akaushika mkono wake, akalia kwa kwikwi.

"Mama, ni mimi. Dawa niliyokuwa nakuletea ilikuwa imekufa. Nilionywa, nikaziba masikio."

"Nyangate aliniambia," mama alijibu kwa sauti ya chini. "Hata alitaka tugawane ile yake. Nikamwambia, Persis wangu hawezi kuniletea maji. Kiu ilipozidi nilidhani ni mimi ninayekula vibaya, nikapunguza chakula. Sikutaka kukuaibisha kazini."

Ndipo mama yake alipougeuza uso upande wa dirisha, akapapasa shuka.

"Lakini mbona mmekaa gizani?" akauliza. "Hebu washeni taa."

Ilikuwa saa tisa alasiri. Jua lilikuwa limejaa kitandani tele, na macho ya Bi Nyanchera yalikuwa wazi. Daktari aliinama akayamulika kwa kurunzi, kisha akasema kwamba nuru huenda ikarudi kidogo, na huenda isirudi. Nyangate hakusema kwamba alimwambia. Alimtazama Persis tu, akauweka mkono begani pake, na Persis akatamani ardhi ipasuke. Jokofu lilisema, naye akaita kelele. Watu walisema, naye akacheka. Sasa alikuwa ameushika mkono wa mama yake, akiwa hajui la kumjibu kuhusu taa. Hakika lisemwalo lipo, na ikiwa halipo, laja.