Ubao Uliopakwa Vanishi

Mfano huu aliusimulia kwanza mkaza mjomba wangu, Eseri Chilewa, Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1969. Nausema kama alivyousema, bila kuwataja watu wake.

Kulikuwa na mama mmoja aliyemtunza mkwewe, bikizee asiyeona wala kuwa na jino hata moja. Bikizee aliweza kula nyama laini tu. Chakula kingine kilimrudi. Mama yule alikuwa na ubao wa mti mwepesi, wenye vitundu vidogo vidogo. Kwa miaka mingi aliupaka utomvu wa papai bichi na kuuanika kivulini. Nyama ikilazwa juu yake asubuhi, adhuhuri imelegea, bila kuguswa na mkono, kana kwamba kuna mdomo usioonekana uliokuwa ukiitafuna. Hata vidole vya mama yule vilikuwa vitupu, mistari yote imeliwa na utomvu.

Aliwahi kujaribu sinia la bati. Maji ya kwanza yaliondoka na utomvu wote.

Mwaka mmoja mipapai ilikauka. Utomvu uliobaki ni ule wa ndani ya ubao. Mama akaitwa msibani kwao, akamwachia jiko wifi yake, binti wa bikizee.

"Wifi, ubao huu kila ukioshwa utomvu wake unapungua," binti alisema. "Ukirudi utakuta kuni."

"Acha upungue. Usiongeze kitu, wewe laza nyama tu."

"Haya, nenda. Wewe na ubao wako, kama mtu na mumewe!"

Je, binti alikuwa mbaya? Hapana. Alimpenda mama yake. Kwa hiyo alimwita seremala, ubao ukapakwa vanishi mara tatu, ili utomvu usipotee tena. Ukang'aa. Nyama ikalazwa asubuhi, adhuhuri ikatoka ngumu vilevile. Kesho yake hivyo hivyo. Bikizee akaomba ubao, akaupapasa polepole.

"Mwanangu, huyu mmemziba mdomo."

"Mama, huo ni ubao."

"Yuko ndani. Namsikia anatafuna."

Siku ya tisa mama yule alirudi, akakuta watu wamekaa uani kwa msiba. Alichukua shoka, akaupasua ubao, akaweka kipande cha nyama kwenye ufa. Waombolezaji waliporudi kutoka makaburini, nyama ilikuwa imelegea. Utomvu ulikuwa mzima. Bikizee ndiye hakuwepo.

Ndugu zangu, tunajisifu kwamba imani yetu haijapungua. Itapunguaje, ikiwa haijamgusa mtu? Nani ana njaa nyumbani mwako, nawe unang'aa hapa kila Jumapili? Mungu hakutupa Neno tulihifadhi lisichakae. Likae ndani yetu, ndiyo, lakini mahali ambapo mwenye shida akilaza kichwa atalikuta.

Mkaza mjomba, ndiye mwenye ubao, alifariki mwaka 1994, seremala alimtangulia. Aliye hai ni wifi peke yake. Ni mama yangu mzazi. Ameniruhusu niseme, na yupo hapa pamoja nasi.