Choo cha Pamba

"Amekunya tena kwenye mkeka wangu," alifoka Mjomba Shaweji. "Leo namchinja."

"Mkeka ni wa mama, Mjomba," alijibu Sikudhani, akimkumbatia Pamba, sungura wake.

Mjomba alikuja kukaa siku tatu. Huu ulikuwa mwezi wa pili, na mama hakuweza kumfukuza kaka yake mkubwa.

"Nipe mpaka Ijumaa," Sikudhani alisema. "Nitamfundisha kujisaidia sehemu moja tu. Akishindwa, kisu hicho hapo."

"Sehemu yoyote, sijali. Ila humu chini nisione hata punje."

"Umesema yoyote. Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

Sikudhani alijua sungura hujisaidia palepale anapokula. Kila siku alichuma mchicha. Kufika Ijumaa sakafu ilikuwa safi kabisa, na Mjomba, aliyeshinda wiki nzima amejifunga msuli uleule, alimsifu mpwa wake. Kisha akafunua begi lake lisilo na zipu, atoe kanzu ya msikitini.

Alitazama ndani kwa muda mrefu. Akamtazama dada yake. Halafu akachukua kofia, akasema anarudi kwake leo hii.

Sikudhani alimsindikiza hadi mlangoni.

"Safari njema, Mjomba. Begi tuachie, Pamba ameshalizoea."