Nyumba Iliyoimba ya Gaudensia

"Mwanzi wa maji haubebi paa." Ndivyo alivyosema shangazi yenu asubuhi alipomkataa mchumba wake, nanyi mmekuja kunikodolea macho humu jikoni kana kwamba mimi ndiye niliyemkataa. Haya, sogeeni motoni, ukungu wa leo hauondoki. Remigi, acha kuchokoa mahindi yangu, hayajaiva. Mnataka kujua methali hii imetoka wapi? Ilianza hivi.

Ilianza hapahapa kwetu milimani, zamani za mabomba ya mianzi. Ninyi hamkuyaona. Maji yalitoka chemchemini kule msituni, yakateremka ndani ya mianzi iliyounganishwa, yakapita kando ya nyumba za watu yakinong'ona kutwa nzima. Ukisinzia unayasikia, ukizinduka unayasikia, hujui kama umeota au umeamka. Nilikuwa msichana wakati huo. Mpaka leo nikifumba macho nayasikia.

Sasa, mwanzi hauzaliwi bomba. Pasueni mmoja muone. Kila penye fundo, ndani pana kiukuta, chembamba lakini kigumu, nacho ndicho kinachoukaza mwanzi usibonyee. Mungu aliujenga vyumba vyumba. Anayetaka maji yapite hana budi kuvitoboa viukuta hivyo kwa chuma cha moto, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho. Kwa nje huoni kitu. Mwanzi ni uleule, umenyooka, unang'aa.

Fundi wa kazi hiyo alikuwa Ditriki Mwalongo. Mkono wake ulikuwa na baraka, hilo halina ubishi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kusema hapana. Ukimwomba jembe anakupa, hata kama ndilo analolimia saa hiyohiyo. Watu walimpenda huyo! Mbona wasimpende? Hawakuwa wa nyumbani kwake.

Dada yake, Gaudensia, alifiwa na mume akabaki na mtoto mchanga. Akawa anajibanza kwa shemeji yake, akisimangwa kwa kila tonge. Ditriki akamwahidi nyumba kabla ya mvua. Kiangazi akakata mianzi ishirini na minne iliyokomaa, akaianika uani. Mwanzi wa kujengea hukatwa kiangazi tu. Ukiukata wakati wa mvua wadudu wanautafuna mpaka unakuwa unga.

Hata mwezi haujaisha, wazee wa maji, wale waliosimamia bomba la kijiji, wakaja wakasalimu. "Kamwene, Ditriki. Bomba halijafika kwa mwalimu wa shule, tumepungukiwa mianzi." Ditriki akaitazama mianzi ya dada yake. Akaitoboa yote. Halafu, jamani, wazee walewale wakabadili njia ya bomba, mianzi ikarudishwa, mizima kwa kuitazama. Kiangazi kilikuwa kimekwisha. Ditriki akajiambia mwanzi ni mwanzi, akaipandisha juu, akaezeka nyasi.

Nyumba ilikuwa nzuri, wallahi! Tena iliimba. Upepo ulipopita kwenye ncha za mianzi zilizochungulia chini ya nyasi, paa zima lilitoa sauti ndefu, laini, ikipanda na kushuka. Tuliacha mitungi yetu njiani tukaenda kusikiliza. Tulikaa uani pale, ukungu ukitupita miguuni, na mimi nikatamani nami nijengewe ya namna hiyo.

Gaudensia alilia kwa furaha. "Kaka, nyumba yangu inaimba."

Ditriki akainamisha kichwa. Alijua kwa nini inaimba. Mwanzi wenye viukuta vyake hauimbi vile, upepo hauna pa kupita. Ilimpasa aseme siku ile. Akaona haya, akanyamaza.

Mvua ikaja. Siku tatu mfululizo ilinyesha ile ya taratibu isiyochoka, nyasi zikanywa maji, zikawa nzito. Siku ya nne mchana Ditriki alikuwa mlimani akiziba bomba lililovuja. Upepo ukaanza kuvuma. Akatega sikio kuelekea kwa dada yake. Nyumba ilikuwa kimya. Maskini, moyo ulimlipuka: kama upepo unavuma na mianzi haiimbi, basi imebonyea. Akatupa chuma chake, akakimbia akiteleza kwenye tope.

Alimkuta Gaudensia ameketi ananyonyesha.

"Gaude, toka nje!"

"Kwa mvua hii? Na mtoto? Una wazimu, kaka?"

"Mianzi niliitoboa."

"Mianzi ipi?"

"Yako. Yote. Waliniomba, nikashindwa kukataa."

Gaudensia akatazama juu. Mianzi ilikuwa imelala bapa katikati, kama bua lililokanyagwa. Akamkumbatia mtoto, akapita chini ya mkono wa kaka yake, aliyekuwa ameingiza bega chini ya mwamba wa paa akiuzuia. Alipofika uani, paa likashuka. Halikupiga kishindo. Lilijishusha tu, polepole, likamfunika Ditriki.

Tulimtoa kwenye nyasi, bega limevunjika. Gaudensia alisimama mbele yake, mvua inamchuruzika.

"Wazee wa maji uliwaambia ndiyo. Mwalimu ndiyo. Na mimi ndiyo. Umemwacha kila mtu apite ndani yako, kaka, na mwanangu alikuwa amelala chini yako."

Akageuka, akarudi kwa shemeji yake. Kwa masimango yaleyale, mwaka mzima.

Bega lilipona, ingawa lilibaki limepinda. Kiangazi kilichofuata Ditriki alikata mianzi mingine ishirini na minne, akaianika. Gaudensia akaja kukanda udongo wa kuta, wakifanya kazi bila kuongea sana. Na wazee wa maji, hawana haya wale, wakaingia uani.

"Kamwene, Ditriki. Tupatie hata mianzi kumi tu."

Ditriki alitazama chini. Gaudensia aliacha kukanda, mikono imejaa udongo, akasubiri.

"Hapana," akasema Ditriki.

"Hapana? Wewe?" Wazee wakacheka, wakidhani ni utani. "Ndugu yetu, mwanzi si ni mwanzi tu!"

"Hii ni ya dada yangu," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya watu. "Mwanzi wa maji haubebi paa."