Chungu Kivujacho

"Chungu kivujacho ndicho kitiwacho."

Mliisikia methali hii jana uwanjani mkacheka. Kipa wenu alikuwa amefungwa mabao manne, mnapiga kelele atolewe, na yule mama muuza maandazi akawajibu kutoka pembeni: "Mwacheni golini, wanangu! Chungu kivujacho ndicho kitiwacho!" Leo mmekuja kuniuliza ni mtu gani mwenye akili zake atakayetia kitu ndani ya chungu kinachovuja. Swali lenu ni zuri. Methali hii ilianza na swali karibu na hilo, ambalo mwanamke mmoja alimuuliza mama mkwe wake, jikoni, mtoto akiwa mgonjwa.

Nitaanza na vyungu, maana bila vyungu hamtaelewa habari ya mtoto.

Zamani hizo, huku kwetu milimani Upare, kila nyumba ilikuwa na mfinyanzi, na mfinyanzi alikuwa mwanamke. Aliyeheshimiwa kuliko wote aliitwa Nambike. Vyungu vikishachomwa na kupoa, wanawake walimletea avikague. Alikijaza maji kila chungu, akakiweka juu ya jivu kavu, akasubiri. Jivu likilowa, chungu kinavuja. Hapo alikimwaga, akakifudikiza kando ya ukuta, mdomo chini, wala hakuna aliyeruhusiwa kukitia maji tena mpaka yeye mwenyewe akigonge kwa kidole na kukisikiliza kama kina ufa. Chemchemi ilikuwa mbali, na maji yalibebwa kwa kichwa. Ndiyo maana wanawake wote walilijua neno lake: "Kinachovuja hakijazwi."

Naam, mmesikia vizuri. Neno la kwanza lilikuwa kinyume cha hili la leo.

Nambike alikuwa na mwana aitwaye Mbonea, na Mbonea alimwoa Naetwe. Naetwe alijifunza ufinyanzi kwa mama mkwe wake, akamzaa Kajiru. Mtoto alifika miezi minane bila ugonjwa wowote zaidi ya mafua ya siku mbili. Alikuwa ameanza kulamba uji na kuvuta kila kilichokuwa mbele yake.

Siku moja ya masika Kajiru aliamka alfajiri akiharisha. Jua lilipotoka alikuwa ameanza na kutapika. Mbonea hakungoja chai. Aliteremka tambarare kwenye zahanati, akijua kwamba daraja limechukuliwa na mafuriko na kwamba angelazimika kuzunguka, asirudi kabla ya kesho yake. Nyumbani wakabaki wanawake wawili na mtoto.

"Nifanye nini, mama?" Naetwe aliuliza.

"Kinachovuja hakijazwi," Nambike akasema. "Usimpe maji wala uji. Ziwa mpe kidogo tu, la kumnyamazisha. Tumbo likikauka, atapona."

Msimlaumu upesi. Nambike alikuwa amelea watoto saba, na Naetwe alikuwa na huyo mmoja. Mngekuwa ninyi mngemsikiliza nani? Naetwe alitii.

Kufikia mchana kuharisha kulikuwa kumepungua, na Nambike alifurahi. "Unaona? Anakauka."

Naetwe alikuwa akiona, lakini alichokiona kilimtatiza. Mtoto alilia bila machozi. Midomo yake ilikuwa mikavu, macho yameingia ndani, na utosi, pale panapopwitapwita, ulikuwa umebonyea. Tena nguo alizombadilishia tangu asubuhi hazikuwa na mkojo hata tone. Naetwe aliibana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama kipande cha udongo alichokibana mfinyanzi.

Alikaa akiitazama alama ile. Kisha macho yake yakaenda kwenye chungu kipya kando ya jiko.

Chungu hicho kilikuwa kimechomwa wiki iliyopita. Kilipojazwa maji kililowesha jivu. Nambike alikifudikiza, akakigonga, kikalia vizuri, akasema ni kizima. Tangu hapo walikuwa wakikitia uji mwepesi kila asubuhi. Siku ya kwanza uji ulipenya ukamwagikia jivu lote. Siku ya pili jivu lililowa kidogo. Leo hiyo ilikuwa siku ya tatu, uji umo tangu alfajiri, na Naetwe aliinama akaligusa jivu kwa kidole. Lilikuwa kavu.

"Mama," alisema, "hiki chungu si kilikuwa kinavuja?"

"Kilikuwa."

"Mbona tulikitia?"

"Kwa sababu hakina ufa. Chungu kipya ndivyo kilivyo, kina vitundu, na uji ndio unaoviziba." Nambike alimgeukia. "Haya uliyajua tangu mwaka juzi, Naetwe. Unaniulizia vyungu leo, mtoto akiwa hivi?"

"Nivumilie, mama. Na kama tungekiacha kimefudikizwa?"

"Kingekaa kikavu. Na siku ya kutiwa maji kingevuja vilevile. Chungu kizima hakiponi kwa kukaushwa."

Naetwe alimwinua mtoto akampa bibi yake.

"Kajiru ana ufa, mama?"

Nambike alimpokea. Alimweka mjukuu mapajani, na vidole vyake, vilivyoshika udongo miaka arobaini, vikaibana ngozi ya tumbo na kuiachia. Akaitazama. Akaibana tena.

"Udongo huu umekauka kupita kiasi," alisema polepole.

"Na udongo uliokauka kupita kiasi hufanywaje?"

"Usinifundishe kazi niliyokufundisha!" Nambike alifoka, kisha sauti ikamshuka. "Tukimtia, akatapika je?"

"Atatapika, nasi tutatia tena. Uji wa siku ya kwanza haukumwagikia jivuni wote? Na ni wewe uliyeniambia niongeze."

Bibi alivuta pumzi. "Basi koroga. Uwe mwepesi kama ule wa chungu, na utie chembe ya chumvi. Chembe tu."

Uji ulipopoa Naetwe alimpa mtoto kikombe mdomoni. Kajiru alikuwa na kiu, alikunywa kwa pupa mpaka nusu. Haukupita muda akautapika wote kwenye kanga ya mama yake.

Nambike aliziba mdomo kwa kiganja.

Naetwe aliwaza. Chungu kipya hukimwagii uji wote kwa mpigo. Unatia kata moja, ukakizungusha, ukangoja. Alifuta kanga, akatafuta kijiko, akaanza upya. Kijiko kimoja. Akangoja. Kijiko kingine. Akangoja. Kila baada ya vijiko kadhaa alimpa ziwa, safari hii bila kumpimia. Mtoto aliharisha tena.

"Kinavuja," Nambike alisema.

"Ndiyo, mama. Nisogezee uji."

Nambike alimsogezea. Baadaye ikawa yeye ndiye anayekoroga, na kila mara Naetwe alipotaka kuharakisha alimshika mkono: "Taratibu. Utakipasua."

Jua lilipoanza kuinama Naetwe alikuwa amechoka. Bibi alimpokea mtoto, akamlaza mapajani juu ya kanga kavu, kama anavyokiweka chungu juu ya jivu, akaendelea na kijiko. Naetwe aliegemea ukuta. Hakuwa amelala, alikuwa akihesabu pumzi za mwanawe kwa macho.

"Naetwe."

"Abee, mama."

"Amenilowesha."

Naetwe aliruka. "Ameharisha tena?"

"Hapana. Mkojo." Nambike aliigusa kanga, akakinusa kidole, akautazama mkono wake kana kwamba umeokota shanga. "Mkojo mtupu, mwanangu, na wa moto!"

Akapiga vigelegele. Alivipiga kwa nguvu mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna mchumba amekuja kuposa.

"Kuna nini humu?"

"Kajiru amekojoa!"

"Vigelegele vya mkojo?" jirani mmoja akasema. "Basi kwangu tungekesha tukicheza."

Zile kelele zilimtisha mtoto, akaangua kilio. Naetwe alimchukua, akamtazama usoni, naye akaanza kulia, maana shavuni mwa Kajiru lilikuwa likiteremka chozi.

Kesho yake Mbonea alirudi na dawa, miguu imejaa tope. "Mhudumu wa zahanati anasema kila anapoharisha tumnyweshe," alieleza akihema. "Na akizidi kulegea tumbebe tushuke naye, hata kama ni kwa kuzunguka."

"Kunywesha tumeshaanza," mama yake alimjibu. "Mkeo ndiye aliyetangulia."

Mambo yangeweza kuishia hapo, na habari ingebaki jikoni mwao. Lakini wiki iliyofuata wanawake walikuwa shimoni wakichimba udongo, na mmoja akasema mwanawe anaharisha tangu asubuhi. Wenzake wakamjibu kwa pamoja, kama walivyofundishwa: "Kinachovuja hakijazwi."

Nambike aliweka jembe chini. Walikuwa wanafunzi wake wote, na neno lile lilikuwa lake mwenyewe. Naetwe alitazama pembeni ili asimwaibishe.

"Hilo ni la chungu chenye ufa," Nambike alisema. "Nililisema mahali pasipo pake, na nusura limuue mjukuu wangu. Mtoto hana ufa, ni mpya tu. Nenda nyumbani sasa hivi ukamnyweshe, kidogokidogo. Chungu kivujacho ndicho kitiwacho."

Ndivyo ilivyoanza. Siku hizi daraja lipo na zahanati iko karibu, lakini wanawake wa huku bado hubana ngozi ya tumbo la mtoto anayeharisha, na bado huanza kumnywesha kabla hawajatoka mlangoni kumpeleka zahanati.

Sasa rudini kwa kipa wenu. Kabla hamjamfudikiza kando ya uwanja, mgongeni kwanza mmsikilize. Ana ufa, au ni mpya? Kama ni mpya, mzidi kumpanga golini mpaka azoee, maana yule mama wa maandazi aliwaambia kweli: chungu kivujacho ndicho kitiwacho.